Mashine isiyojua mwisho wa mwezi

Wauzaji wa huduma za wingu, yaani wanaokodisha kompyuta zao kupitia intaneti, wana ahadi moja wanayoirudia kila mwaka: waachie akili mnemba, itausoma mwenendo wa mfumo wako, itaongeza seva kabla wateja hawajafika na kuzipunguza wakishaondoka. Ahadi hiyo si ya uongo, na mimi mwenyewe naitumia. Ila kila nikitazama grafu za mfumo wa malipo ambao watumiaji wake wengi wako Dar es Salaam, naona wazi kwamba ilitengenezwa kwa kalenda ya watu wengine.

Kabla ya ubashiri kulikuwa na hesabu, na bado ipo. Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu zinazoendeshwa kwenye seva nyingi, kwa mpangilio wake wa kawaida hukagua mzigo kila baada ya sekunde 15. Tuseme una kontena 4, yaani nakala 4 za programu yako, umetaka prosesa zikae kwenye asilimia 50, na sasa zimefika 90. Inazidisha 4 kwa 90, inagawanya kwa 50, inapata 7.2, inapandisha hadi 8. Basi. Hakuna akili yoyote hapo, na kwa mifumo mingi inatosha kabisa. Kasoro yake ni kuchelewa. Seva mpya mpaka iwake, programu ipakiwe, iunganishwe na hifadhidata, mteja ameshaona duara linazunguka na ameshaanza kulalamika kwamba mtandao unasumbua. Ni mama ntilie anayebandika sufuria wateja wakiwa wameshakaa kwenye benchi.

Ubashiri ulikuja kuziba pengo hilo. Mwaka 2013 Netflix walieleza hadharani mtambo wao wa Scryer, uliobashiri mahitaji mapema badala ya kusubiri mzigo upande. Kwa Netflix inaeleweka: watu wanatazama filamu jioni, wanalala usiku, kesho vilevile. Amazon walileta ubashiri wao kwa wateja mwaka 2018, na Google na Azure ya Microsoft nao wana wa kwao. Kwa mzigo unaopanda na kushuka kila siku kwa mtindo uleule, sina ugomvi nao hata kidogo.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye maelezo ya matumizi, yale ambayo watu hawasomi. Amazon hutazama siku 14 zilizopita ili kubashiri saa 48 zijazo. Google hutazama wiki tatu. Azure huanza ikiwa na siku 7 za kumbukumbu, na husema siku 15 ndizo zinazoleta usahihi mzuri. Sasa chukua mshahara unaoingia tarehe 25. Tarehe 23, mashine inayotazama siku 14 inaishia tarehe 9, na hata ile ya wiki tatu inaishia tarehe 2. Mshahara uliopita haumo kabisa. Kwa mashine hiyo, watu hawajawahi kulipwa tangu dunia iumbwe.

Halafu mshahara unasoma, na grafu inapanda kama ukuta. Ada za shule, kodi ya nyumba, LUKU, vikoba, madeni ya dukani, vyote ndani ya saa chache. Ile hesabu ya sekunde 15 inahangaika kivyake huku ubashiri ukiwa umelala. Na kwa kuwa mashine imezoea kutafuta mtindo wa wiki, siku kama hiyo ya wiki inayofuata inaweza kuwasha seva kwa ajili ya wateja ambao pochi zao zimeshakauka. Bili inakuja kwa dola, wala haiulizi kama kuna aliyezitumia.

Ramadhani ni kisa kingine. Mzigo unahama: unazama wakati wa kufuturu, unapanda tena baada ya tarawehe, na saa za daku kuna watu macho ambao mwezi mwingine wangekuwa usingizini. Mashine inahitaji siku kadhaa kujifunza hayo. Ikishazoea vizuri, mwezi unaandama, Idi imeingia, na yote iliyojifunza hayana kazi tena. Wala kuipa kumbukumbu za mwaka mzima hakutoshi, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza Machi, mwaka 2026 imeangukia Februari. Waliotengeneza Prophet, programu huria ya ubashiri iliyotolewa na Facebook mwaka 2017, waliliona hili mapema: wameweka sehemu ya kuandika sikukuu kwa mkono.

Ukiniuliza mashine ifanye nini, nitasema ianze na woga wetu. Injinia akiulizwa programu yake inahitaji memori kiasi gani, anataja mara mbili ya mahitaji ili alale usingizi, na siwezi kumlaumu, maana simu ya saa nane usiku ni yake. Mwaka 2020 Google walichapisha utafiti kuhusu mtambo wao wa Autopilot, unaojifunza kila kazi inatumia nini hasa na kuipimia kiasi chake. Kazi zilizopangiwa na binadamu zilikuwa na ziada isiyotumika ya asilimia 46. Zilizopangiwa na mtambo, asilimia 23. Na kazi zilizoathirika vibaya kwa kuishiwa memori zilipungua mara kumi. Hapo akili mnemba inalipa, tena bila kubashiri sikukuu ya mtu. Cha ajabu, timu nyingi huruka hatua hii na kukimbilia utabiri, labda kwa sababu utabiri unapendeza zaidi kwenye slaidi za bosi.

Kuhusu tarehe, dawa ipo na ni ya kizamani: ratiba ya kuongeza seva iliyoandikwa na mtu, ikikaa juu ya ubashiri. Sisi ratiba yetu hatuiandiki peke yetu. Dada wa uhasibu ndiye anayejua kwamba tarehe 25 ikiwa Jumapili fedha zinatoka Ijumaa, na kwamba Desemba zinawahi. Ninachowaomba wauzaji ni madirisha ya kumbukumbu, yaani siku za nyuma ambazo mashine hutazama, yanayofika siku 90, na mahali pa kuandika tarehe mbili kwa tukio moja kama Idi, Jumatano au Alhamisi, kwa sababu tangazo la mwezi husubiriwa usiku uleule. Kwa sasa tunaandaa usiku zote mbili, na seva za usiku mmoja tunazilipia bure.