Memcheck ni nzito, lakini msiitupe

Vijana wanaoandika programu hapa Mwanza wana hoja: kifaa kinachochelewesha programu wakati wa majaribio kinapotosha matokeo, kwa hiyo tumia perf, basi, kifaa cha Linux kinachopima programu inatumia muda wapi. Hoja ina ukweli. Perf ikichungulia programu mara 99 kwa sekunde (kila mara ni sampuli moja), programu hukimbia karibu kama kawaida, na fanksheni inayokula muda hujulikana upesi. Memcheck, kifaa cha Valgrind kinachokagua kila programu inaposoma au kuandika kumbukumbu, huichelewesha mara 20 hadi 30, tena huendesha uzi (thread) mmoja tu kwa wakati. Jaribio lililopewa sekunde 5 za kusubiri seva laweza kuanguka bila kosa lolote. Ongezeni muda huo kwanza, ndipo mlalamike.

Ila hiyo mara 20 tuipigie hesabu. Majaribio ya dakika 3 yanakuwa ya saa 1. Kwa mara 30, saa 1 na nusu. Yakiendeshwa usiku (umeme ukiwepo) yanamchelewesha nani? Hakuna aliyesema kila badiliko dogo lipitie humo. Na wepesi wa perf una bei yake: sampuli 99 ni moja kila milisekunde 10 hivi, na hata ikiangukia penye kosa, huandika tu programu ilikuwa wapi. Haiulizi kama anwani ya kumbukumbu iliyosomwa ni halali.

Chukua programu ya C inayopokea uzito kutoka mzani wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Imeomba baiti 16 za kumbukumbu kwa malloc, mzani ukaleta herufi 16 kamili, zikiishia na gramu 42500. Baiti ya sifuri, ambayo C huitumia kujua maandishi yameishia wapi, imekosa nafasi. Mara nyingi baiti inayofuata huwa sifuri kwa bahati, na risiti inatoka safi. Siku ikikutwa na herufi 7, mabaki ya kazi iliyopita, gramu 42500 zinasomeka 425007: gunia la kilo 42 na nusu limekuwa la kilo 425.

Memcheck hulinasa kosa hili hata siku ya bahati, na ukikompaili kwa -g (chaguo linalohifadhi namba za mistari) hukutajia mstari wenyewe. Lakini baiti hizo 16 zingekuwa kwenye steki (kumbukumbu ya vigeu vya ndani ya fanksheni) badala ya kuombwa kwa malloc, isingeona kwamba mpaka umevukwa. Hapo tumieni AddressSanitizer, ukaguzi wa kumbukumbu unaoingizwa wakati wa kukompaili, inayochelewesha kama mara 2 tu, msiziendeshe pamoja. Nayo haioni thamani iliyotumika kabla ya kujazwa, na maktaba ya mzani ikija bila msimbo chanzi, hamna cha kukompaili upya. Memcheck inarudi kazini.