Baga ya njegere na mla nyama wake

Mwaka 2018, kampuni ya Marekani ya Beyond Meat, ikiwa katika matayarisho ya kuuza hisa zake kwa umma, iliwaeleza wawekezaji jambo ambalo kampuni nyingine huenda ingelificha: katika maduka ya Kroger, asilimia 93 ya watu walionunua baga yake ya protini ya njegere katika nusu ya kwanza ya mwaka huo walinunua pia nyama ya wanyama. Wanaoibeza biashara ya vyakula visivyo na nyama waliiona takwimu hiyo kuwa ushahidi kwamba hakuna aliyeongoka. Baadhi ya wale walioacha nyama kwa imani au kwa dhamiri waliiona kuwa fedheha, kwamba chakula chao kimetwaliwa na watu wasio na nia ya kuacha chochote. Nionavyo mimi, pande zote mbili zimeishika takwimu hiyo kichwa chini miguu juu, na kosa hilo ndilo linalotufanya tuuelewe vibaya mwelekeo mzima wa biashara ya chakula katika muongo huu.

Historia ya kutokula nyama ni ndefu na msomaji anaijua vya kutosha. Itoshe kukumbusha kwamba chama cha walaji mboga kiliundwa Uingereza mwaka 1847, na kwamba kwa muda mrefu baada ya hapo wenye viwanda na migahawa waliwahesabu watu hawa kuwa wateja wachache na waaminifu, wanaotosheka na rafu moja pembeni ya duka na chakula kimoja mwishoni mwa orodha. Kilichobadilika si idadi ya wasiokula nyama, ambayo katika nchi nyingi za Magharibi imebaki ndogo. Kilichobadilika ni mtu anayelengwa. Mwaka 2016 baga ya Beyond Meat ilianza kuuzwa ikiwa imepangwa kwenye jokofu la nyama, si kwenye kona ya vyakula vya afya. Mwaka huohuo kampuni ya Impossible Foods ilitoa baga ya mimea yenye hemu, kiini chenye madini ya chuma kinachoipa nyama rangi na ladha yake, kilichozalishwa kwa hamira iliyobadilishwa vinasaba, ili baga hiyo ikipikwa itoe majimaji mekundu kama nyama ya ng'ombe. Asiyekula nyama hakuwahi kuomba baga yake itoke damu. Aliyeombewa ni mwingine.

Burger King ilipoieneza baga ya Impossible katika migahawa yake kote Marekani mwaka 2019, ilitokea kesi ambayo wengi waliichukulia kama kichekesho. Mteja asiyetumia chochote kitokacho kwa mnyama alikwenda mahakamani kulalamika kwamba baga yake ilichomwa kwenye jiko lilelile linalochomea nyama. Kesi hiyo haikufika mbali. Lakini ndani yake mna ukweli wote wa biashara hii: mlalamikaji alidhani chakula kile kimetengenezwa kwa ajili yake, kumbe yeye alikuwa mgeni katika karamu aliyodhani ni ya kwao. Simlaumu, na uchungu wake naufahamu. Hata hivyo, kama lengo ni kupunguza nyama inayoliwa duniani, basi kampuni ile ilimlenga mtu sahihi.

Tufanye hesabu, kwa kuwa ni hapa ndipo takwimu ya asilimia 93 inapogeuka sura. Mtu ambaye hajala nyama kwa miaka 20 anaponunua baga ya njegere, hakuna mnyama aliyenusurika siku hiyo, kwa sababu kama asingeila baga hiyo angekula maharage au dengu. Ununuzi wake unaifaa kampuni, na pengine unampunguzia kazi ya jikoni, lakini haupunguzi chochote katika nyama inayochinjwa. Mla nyama ndiye peke yake mwenye kitu cha kupunguza. Chukua watu 100 ambao kila mmoja hula nyama mara 14 kwa wiki. Iwapo 93 kati yao watabadili milo 2 tu, wiki hiyo milo 186 itakuwa imepita bila nyama. Iwapo wale 7 waliobaki wataiacha nyama kabisa, tena kwa msimamo wa kupigiwa mfano, watakuwa wameokoa milo 98. Hesabu hii ni ya kubuni na haidai kwamba ndivyo watu wanavyofanya. Inaonyesha tu mahali ulipo mzigo. Biashara inayowapata wasiokula nyama peke yao ingekuwa imeshindwa. Kampuni iliyotangaza asilimia 93 ilikuwa ikijisifu, na ilikuwa na haki ya kujisifu.

Kwamba kupunguza kuna uzito karibu sawa na kuacha ni jambo lililopimwa. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha uchambuzi wa takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Walikuta kwamba nyama, maziwa, mayai na samaki wa kufugwa hutumia takriban asilimia 83 ya ardhi ya kilimo duniani huku vikitupatia asilimia 18 tu ya kalori na asilimia 37 ya protini. Takwimu hizo zimenukuliwa kila mahali. Jambo ambalo limenukuliwa mara chache, nami silielewi kwa nini, ni sehemu ya pili ya hesabu yao: kama dunia ingepunguza vyakula vya wanyama kwa nusu, ikianza na vile vinavyozalishwa kwa uchafuzi mkubwa zaidi, ingepata asilimia 71 ya upungufu wa gesi joto ambao ungepatikana kwa kuviacha vyote. Yaani nusu ya safari inakufikisha zaidi ya theluthi mbili ya njia. Sababu yake ni kwamba wafugaji hawafanani. Kilo ya nyama ya ng'ombe kutoka shamba moja inaweza kuwa na madhara makubwa mara kadhaa zaidi ya kilo kama hiyo kutoka shamba jingine, na ukikata kwanza pale palipo pabaya zaidi, faida huja mapema. Kwa mtu anayejali matokeo kuliko usafi wa nafsi, asilimia hiyo 71 ni hoja kubwa kuliko mahubiri mengi.

Wakosoaji hujibu kwamba sehemu kubwa ya ardhi inayotajwa ni nyanda za malisho zisizofaa kulimwa, na kwamba ng'ombe au mbuzi huigeuza nyasi, ambayo binadamu hawezi kuila, kuwa maziwa na nyama. Hoja hii ni ya kweli, na anayeipuuza anawadhulumu wafugaji ambao maisha yao yote yamo katika mifugo. Uchambuzi uleule unaonyesha kwamba, kama vyakula vya wanyama vingeachwa kabisa, ardhi ya kilimo kwa jumla ingepungua kwa asilimia 76 lakini ardhi inayolimwa ingepungua kwa asilimia 19 tu. Tofauti hiyo ndiyo malisho. Lakini asilimia 19 ya ardhi inayolimwa duniani si kitu kidogo, nayo ni mashamba ya mahindi na soya ambayo mavuno yake hupitia kwanza tumboni mwa mnyama. Tena, baga ya mgahawa wa haraka haimgusi mfugaji wa kuhamahama. Inashindana na ng'ombe wa zizi la kunenepeshea.

Wanaosema kwamba biashara hii imeshindwa wana ushahidi wao, na mwingi ni wa karibuni. Hisa ya Beyond Meat ilianza kuuzwa kwa dola 25 mwezi Mei 2019, ikapanda kwa asilimia 163 siku ya kwanza, ikavuka dola 230 kabla ya Agosti, na mwezi Oktoba 2025 ilikuwa imeshuka chini ya dola 1. McDonald's iliijaribu baga yake ya McPlant nchini Marekani kisha ikaiacha, ingawa imeendelea kuiuza katika baadhi ya nchi za Ulaya. Mgahawa wa kifahari wa Eleven Madison Park jijini New York, ambao mwaka 2021 uliondoa nyama katika vyakula vyake, ulitangaza mwaka 2025 kwamba unairudisha, na mpishi wake mkuu, Daniel Humm, akakiri kwamba uamuzi wa mwanzo ulikuwa umewafungia watu mlango. Wengi walionunua baga za mimea mara ya kwanza kwa udadisi hawakurudi mara ya pili, kwa sababu ya ladha na zaidi kwa sababu ya bei.

Liko pia suala la afya, na hapa watetezi wamezidisha maneno. Baga moja ya Impossible ina takriban miligramu 370 za sodiamu kabla mpishi hajaigusa, wakati nyama mbichi ya ng'ombe ya uzito uleule haifikii 100. Kwa hiyo anayeisifu kuwa ni chakula cha afya kwa sababu tu imetokana na mmea anatia chumvi juu ya chumvi. Ni chakula kilichosindikwa sana, chenye orodha ndefu ya viambato, na asiyekula kabisa vyakula vya wanyama bado atahitaji vitamini B12 kutoka kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Lakini ulinganisho wa haki si kati ya baga hiyo na sahani ya dengu. Ni kati yake na kile ambacho mnunuzi angekula badala yake. Jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2020 liliwapa watu 36 bidhaa za mimea kwa wiki 8 na nyama kwa wiki 8, na walipokuwa kwenye mimea lehemu mbaya (kolesteroli) na uzito wao vilipungua kidogo. Jaribio lilikuwa dogo na fedha zake zilitoka Beyond Meat yenyewe, kwa hiyo lipokewe kwa tahadhari hiyo. Hata hivyo, hakuna anayeweza kusema kwamba nyama inayowekwa kwenye mizani ya upande wa pili haina lawama: tangu mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyingine. Mwaka 1961 dunia ilizalisha tani milioni 71 hivi za nyama; leo inazalisha zaidi ya tani milioni 350. Katika miaka yote ya rafu mpya, matangazo na hisa zilizopaa, mstari huo haukupinda. Idadi ya watu imeongezeka, na kipato pia, lakini hayo hayajibu swali: je, yule mla nyama aliyenunua baga ya njegere aliinunua badala ya nyama, au juu ya nyama? Takwimu ya asilimia 93 hailijibu. Inatuambia kwamba vitu viwili vilikuwa katika kapu la mtu mmoja katika kipindi kimoja, haituambii kipi kilimsukuma kipi. Hesabu yangu ya milo 186 inasimama juu ya neno «badala», na kama badala haipo, inaanguka yote. Ndiyo maana siwezi kudai zaidi ya hili, kwamba mlango umefunguliwa kwa mtu aliyestahili kufunguliwa.

Kuhusu umiliki, walaji mboga wa zamani wana wasiwasi kwamba kampuni kubwa za nyama zimeiteka harakati yao. Ni kweli kwamba JBS ya Brazili, jabali la nyama duniani, iliinunua kampuni ya Uholanzi ya Vivera mwaka 2021. Lakini tazama Rügenwalder Mühle ya Ujerumani, kampuni ya soseji iliyoanza mwaka 1834, ambayo iliingia katika vyakula visivyo na nyama mwaka 2014 na kufikia mwaka 2020 ikawa inapata mauzo makubwa zaidi kwa vyakula hivyo kuliko kwa nyama. Familia ya wachinjaji iliyogundua kwamba inaweza kuishi bila kuchinja sana ina thamani kubwa kuliko kampuni kumi changa zinazouziana matumaini. Na mabishano ya Ulaya kuhusu majina, ambayo mwezi Oktoba 2025 yalilifanya Bunge la Ulaya lipige kura ya kutaka neno «baga» lihifadhiwe kwa nyama peke yake, yananiambia kwamba wenye nyama wenyewe hawaamini kuwa mshindani wao amekufa. Hakuna anayemfungia mlango maiti.

Nchini Uholanzi baadhi ya minyororo ya supamaketi imeanza kupima kitu tofauti na idadi ya walaji mboga: sehemu ya protini yote wanayouza inayotoka kwenye mimea. Albert Heijn imejiwekea lengo la asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Lidl ya huko imekwenda mbali zaidi kwa kuuza nyama ya kusaga yenye asilimia 60 ya ng'ombe na asilimia 40 ya protini ya njegere, kwa bei iliyo chini ya ile ya nyama ya kusaga ya kawaida. Hakuna chama cha walaji mboga kitakachoiwekea alama ya kuiidhinisha, wala hakuna mla nyama atakayejivunia kwamba ameongoka kwa kuila. Anayeipeleka nyumbani ameinunua kwa sababu ni rahisi, na katika kila kilo, gramu 400 tayari si nyama, zikiwa zimeingia mahali pale pale ambapo nyama ingekuwa.