HR mmoja ofisi nzima: shida si idadi ya wafanyakazi

Kampuni nyingi ndogo hapa Dar, zile za watu 40 au 60, zina HR (afisa rasilimali watu) mmoja tu, na ukiwa ndo wewe ukaomba msaidizi bosi anakuuliza watu wenyewe wako wangapi. Hoja yake ina uzito, tusikatae. HR mmoja anawajua wote kwa majina, fomu ya likizo haizunguki meza tatu, siri za mishahara hazitoki, halafu mauzo yenyewe leo yapo kesho hayapo, kuongeza mshahara mwingine si mchezo.

Ila kazi hii haipimwi kwa vichwa tu. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) zinatakiwa TRA tarehe 7 ya mwezi unaofuata uwe na watu 15 au 500, bado michango ya NSSF, bado WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), kila mmoja na mfumo wake na kontrol namba yake, na mfumo ukigoma siku hiyo ndo imekula kwako. Hii lakini mi naona ndo rahisi kuitoa, mpe mhasibu au kampuni ya nje, wewe kagua tu. Wapo wanaosema ukiachia mishahara umejipunguzia nguvu ofisini, haya, nguvu gani hiyo ya kujaza ritani saa nne usiku?

Pagumu ni kwenye nidhamu. Storkipa kakutwa na upungufu wa mzigo: barua ya kujieleza unaandika wewe, uchunguzi wewe, wito wa kikao wewe (na lazima apate si chini ya saa 48 kujiandaa), muhtasari wewe, halafu bosi anataka na uenyekiti ushike wewe. Kanuni za utendaji bora za ajira za 2007 zinataka mwenyekiti awe kiongozi wa juu ambaye hakuhusika na lile tukio, sasa wewe uliyechunguza utajitoaje? Jamaa akiachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi), na kule hawaangalii tu kama mzigo ulipungua kweli, wanaangalia na utaratibu.

Kwa hiyo mi nisingeanza kwa kudai msaidizi, ningeanza na mameneja. Onyo la uchelewaji aandike meneja wa huyo mtu, mwenyekiti wa kikao atoke idara nyingine, HR abaki kushauri na kutunza mafaili. Bosi akigoma hata hapo basi aajiri tu huyo msaidizi.