Uisome mada yako kongamanoni, au uiseme?

Mwenyekiti wa kikao akishalitaja jina lako, una dakika 15 za kuwasilisha na tano za maswali. Kikao cha dakika 90 hubeba watoa mada wanne kwa mpango huo, na dakika kumi zinazobaki huliwa na utambulisho, kipaza sauti kinachogoma na kompyuta isiyoiona projekta. Katika nafasi finyu kiasi hicho kuna ubishi wa miaka mingi: mtoa mada aandike kila neno na kulisoma, au asimame na slaidi zake azungumze? Wanafasihi, wanafalsafa na wanahistoria wengi husoma. Wanasayansi huwacheka kwamba wamekuja kuwasomea watu gazeti. Wanaochekwa nao wana jibu: heri gazeti kuliko slaidi 40 zinazopita kama mabehewa ya treni.

Tuanze na wasomaji, maana siku hizi wao ndio washitakiwa. Hoja yao ya kwanza ni kwamba kuna taaluma ambamo neno lenyewe ndilo ushahidi. Anayechambua shairi au kubishana na fasili ya mwanafalsafa hawezi kusema "huthibitisha" pale alipokusudia "huashiria". Akiteleza hapo, hoja nzima imebadilika, na swali la kwanza litatua palepale. Hoja ya pili ni muda. Matini, yaani maandishi ya mada, ina urefu unaopimika. Ukurasa wa maneno 250 hivi ukisomwa kwa mwendo wa kusikika huchukua kati ya dakika mbili na mbili na nusu, kwa hiyo kurasa sita zinatosha dakika 15, na tano na nusu ni salama zaidi. Ya tatu husahauliwa na wanaoisema lugha ya kongamano tangu utotoni: anayewasilisha kwa lugha yake ya pili au ya tatu hupotewa na msamiati akiwa na hofu. Matini ni fimbo ya kutembelea, wala hakuna aibu kuishika.

Wanaowapinga husema kusoma huwachosha watu. Hawasemi uongo, lakini mara nyingi wanamshitaki asiyehusika. Kinachowachosha wasikilizaji ni matini iliyoandikwa kwa ajili ya macho. Chukua sentensi ya aina hii, ambayo haina kosa lolote ikiwa kwenye jarida: "Utafiti huu, uliofanyika katika shule ambazo wanafunzi wake wanatoka katika familia zinazotumia lugha zaidi ya moja, na ambao ulitumia hojaji na ushuhudiaji, ulibaini kwamba uchanganyaji wa lugha huongezeka pale mwalimu anapokuwa hayupo." Msomaji wa jarida akipotea hurudi nyuma kwa jicho. Msikilizaji hana pa kurudi; amebeba "utafiti huu" kichwani akisubiri kitenzi chake, na kitenzi kinafika baada ya maneno ishirini. Kwa sikio, sentensi hiyo inavunjwa: "Tulitaka kujua wanafunzi huchanganya lugha wakati gani. Tuliwapa hojaji, kisha tukakaa darasani tukiwatazama. Jibu ni hili: mwalimu akitoka, uchanganyaji unapanda." Maneno yamepungua, na hakuna kilichopotea ambacho mtu asingeweza kukiuliza baadaye.

Hapo ndipo wengi huharibu. Makala ya kurasa 25 haigeuki kuwa mada ya dakika 15 kwa kufutwafutwa usiku wa kuamkia kikao. Inaandikwa upya, na jambo moja tu, au mawili kwa nadra, ndiyo yanayochukuliwa. Wapo pia wanaopunguza wakiwa jukwaani, wakifunua kurasa na kusema "hapa nitaruka", na ukumbi mzima unabaki kuhesabu kurasa zilizosalia mkononi mwao.

Msomaji ana matatizo ya mwili pia. Kidevu kikiinamia kifuani, sauti huangukia mezani. Hana vituo vya kufikiri, kwa hiyo mwendo unapanda bila mwenyewe kujua, na wanaoumia kuliko wote ni wakalimani walio kwenye kibanda. Hao hufanya kazi wawiliwawili, wakipokezana kila baada ya nusu saa au chini yake, na matini inayosomwa kasi huwashinda hata walio hodari. Dawa zake ni ndogondogo: herufi za ukubwa wa pointi 14 hadi 16, uso mmoja wa karatasi, namba juu ya kila ukurasa, pini zisipigwe ili kurasa ziteleze kimyakimya, na sentensi isikatwe mwisho wa ukurasa. Juu ya kila ukurasa andika dakika unayopaswa kuwa umefika. Zungushia mabano aya mbili zinazoweza kuachwa bila hoja kuporomoka. Mwenyekiti akiinua kibao cha "dakika 2", uamuzi uwe ulishafanyika nyumbani. Kama kuna ukalimani, wapelekee matini siku moja kabla.

Upande wa pili sasa. Anayezungumza bila matini anautazama ukumbi, na akiona nyuso zimekunjamana anarudia jambo kwa maneno mengine. Hilo msomaji haliwezi. Isitoshe, mtu anayeweza kuieleza kazi yake bila karatasi ameonyesha kwamba ameimeza. Hiyo ni hoja nzito.

Lakini uhuru huo una bei, na bei yake ya kwanza ni dakika. Mtoa mada asiye na matini hupenda kukaa pale anapojisikia salama, yaani kwenye usuli na mapitio ya kazi tangulizi. Dakika tisa zinaishia hapo, mbinu zinachukua nne, na matokeo, ambayo ndiyo yaliyowatoa watu vitini mwao kuja kusikiliza, yanapewa mbili za mwisho. Mgawanyo wenye afya kwa dakika 15 ni wa kinyume: moja ya swali la utafiti, mbili za usuli, mbili za mbinu, saba za matokeo, mbili za kueleza maana yake, na moja ya akiba. Bei ya pili ni kulegea kwa takwimu. "Watu 41 kati ya 60" jukwaani hugeuka kuwa "wengi sana", na hakuna anayeweza kubishana na "wengi sana".

Kisha kuna slaidi zenyewe, ambazo kwa wengine ni matini iliyofichwa ukutani. Mtu husoma kimya haraka kuliko unavyosema, kwa hiyo ukibandika aya nzima na kuisoma, watu watakuwa wamemaliza na wanakusubiri, au wameacha kukusikia. Mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, Richard Mayer, ameandika mengi kuhusu athari hii ya maneno yaleyale kuja kwa jicho na kwa sikio pamoja. Athari hiyo hupungua maneno ya ukutani yakiwa machache, au lugha ikiwa ngeni kwa wasikilizaji. Basi istilahi ngumu na nukuu fupi zina haki ya kuwa ukutani, aya haina. Jedwali la safu 6 na mistari 12 ni namba 72: chagua tatu, uzikuze.

Vidokezo, yale mafungu mafupi yanayoorodheshwa kwenye slaidi, navyo huua kwa kuficha. Januari 16, 2003, chombo cha anga cha Columbia kiliporuka, kipande cha povu la kuhami joto kilibanduka kwenye tangi na kugonga bawa la kushoto. Wahandisi walifanya tathmini wakaiwasilisha kwa slaidi wakati chombo kingali angani. Moja ilikuwa na kichwa cha kutuliza moyo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndimo lilimokuwa jambo zito: kipande kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1920, huku vilivyojaribiwa maabara vikiwa na 3. Februari 1 chombo kilivunjika kikirejea, wanaanga wote saba waliokuwamo wakafa. Ripoti ya uchunguzi ya Agosti mwaka huo iliichambua slaidi hiyo na kulaumu mazoea ya kutumia slaidi badala ya ripoti za kiufundi. Si kila kongamano lina roho za watu, ila ugonjwa ni uleule: kidokezo hakina kitenzi, hivyo hakilazimiki kudai chochote. Kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili, "Uchanganyaji wa lugha hupanda mwalimu akitoka", badala ya "Matokeo".

Ukiziweka pande hizi mbili mizanini, njia ya katikati inashinda mara nyingi: andika neno kwa neno dakika ya kwanza, fasili, nukuu, na dakika ya mwisho, kilicho kati kizungumze. Ya kwanza kwa sababu ndipo hofu inapokausha koo. Ya mwisho kwa sababu, bila kuandikwa, huishia kwa "basi, nadhani ni hayo tu". Ukiwa na ukalimani, au hoja inayosimama juu ya neno mojamoja, soma yote, mradi iwe imeandikwa kwa ajili ya masikio. Vyovyote uchaguavyo, fanya mazoezi mara tatu kwa sauti, umesimama, saa ikiwa mbele yako, na lenga dakika 13. Kusoma kimya hudanganya.

Zile dakika tano za maswali hazina upande, kwa kuwa hakuna anayeziandikia matini. Rudia swali kwenye kipaza sauti kabla ya kulijibu, maana waliokaa nyuma hawakulisikia na wewe unahitaji sekunde tano za kufikiri. Weka slaidi tatu za ziada baada ya ile ya mwisho: jedwali kamili, hojaji, na jinsi sampuli ilivyopatikana. Na slaidi ya "Asanteni" iondoe. Acha hitimisho lako libaki ukutani wakati watu wanauliza, wawe na kitu cha kukishika.