Aliyekuja kwa sauti ya mtoto wake

Jioni moja ya Juni 2023 niliua koyote jike, mnyama wa porini anayefanana na bweha, kwenye shamba la nyasi la jirani yangu, kaunti ya Ionia, jimbo la Michigan, Marekani. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya robota la majani makavu, spika nimeiweka hatua 40 mbele yangu. Nikabonyeza rimoti, ikatoka sauti ya kitoto cha koyote kinachoumizwa. Hazikupita dakika tatu. Alichomoka kwenye kichaka cha mpakani akaja mbio, masikio yamelala, moja kwa moja kwenye ile sauti. Upepo ulikuwa ukitoka kwangu kwenda kwake. Harufu yangu aliipata tangu mbali, sina shaka na hilo, na hakusimama.

Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona koyote aliyemnusa mtu kisha akaendelea kuja. Nilifyatua. Nilipomgeuza nikakuta chuchu zimevimba na manyoya yanayozizunguka yamenyonyoka kwa kunyonywa. Maziwa yalikuwa bado yanatoka.

Sikuvunja sheria. Wakati ule Michigan iliruhusu kuwinda koyote mwaka mzima, na wengi wetu tuliitumia ruhusa hiyo kujaza ile miezi ambayo kulungu na sungura hawawindwi. Bunduki imekaa bure, jioni ni ndefu, koyote wapo. Nilifanya kilichokuwa halali na tangu siku ile sijaweza kukitetea.

Naandika kama mwindaji, na majira ya baridi yajayo nitawinda tena. Ninachopinga ni kimoja: kumwita koyote kwa filimbi au spika wakati ana watoto shimoni, pale ambapo hajagusa mfugo wa mtu yeyote.

Kwa msomaji asiyemjua, koyote ni ndugu wa bweha kwa sura na kwa tabia. Wa hapa Michigan wana kilo 11 hadi 20 hivi. Zamani alikuwa mnyama wa nyika za magharibi ya Marekani. Leo yuko karibu kila jimbo isipokuwa Hawaii, na Chicago wanamfuatilia kwa redio za shingoni akiishi katikati ya jiji. Nilipomsikia mara ya kwanza akilia usiku nilikumbuka Singida, nikiwa mtoto, bweha wakilia upande wa pili wa korongo na baba akitoka na kurunzi kuwaangalia mbuzi.

Kumwita koyote wakati wa baridi ni kazi ninayoipenda kuliko uwindaji mwingine wowote. Unatangulia kuusoma upepo. Gari unaliacha mbali, mlango unaufunga kwa kuusukuma taratibu, unatembea bila kukata mstari wa upeo wa macho ili asikuone kivuli. Unakaa chini ukiutazama upande ambao upepo unaelekea, maana koyote akisikia sungura analia haji kwa pupa. Anazunguka kwanza, akitafuta mahali ambapo upepo utamletea habari. Mimi hupendelea filimbi ya mdomo kuliko spika. Unaanza kwa sauti ya chini, kwa kuwa huenda yuko karibu kuliko unavyodhani, halafu unaongeza kilio, unakatisha, unanyamaza. Ule unyamavu ndio unaomsumbua. Dakika 15, dakika 20, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu. Mara nyingi haji. Mara nyingine anakuja, anasimama mita 200 kutoka kwako, anainua pua, anageuka, na umemkosa. Amekushinda kihalali na unarudi nyumbani ukimheshimu.

Hiyo ndiyo Januari. Anakuja kwa sababu ana njaa au kwa sababu kuna mgeni aliyelia ndani ya mpaka wake, na akili zake zote anazo. Ngozi nayo iko katika ubora wake, manyoya ya ndani yamejaa.

Sasa itazame kalenda yake. Koyote hupandana kati ya mwishoni mwa Januari na Machi. Mimba huchukua siku 63 hivi. Watoto huzaliwa Aprili na Mei, mara nyingi watano hadi saba, vipofu, ndani ya shimo ambalo mara nyingi lilichimbwa na mnyama mwingine na wao wakalipanua. Wiki tatu baadaye wanaanza kutokeza mlangoni. Dume analeta chakula, jike ananyonyesha, na mara nyingi watoto wakubwa wa mwaka uliopita wanasaidia kulea. Hadi vuli ndipo wengi wa wadogo huanza kujitegemea na kutawanyika.

Kwa hiyo Mei na Juni mwitaji hodari hahitaji uhodari wake. Sauti ya kitoto kinacholia inatosha. Wengine huenda na mbwa waliofunzwa kwa kazi hiyo: mbwa anapelekwa karibu na shimo, koyote wanatoka kumfukuza, mbwa anarudi kwa bwana wake huku wazazi wanamfuata mpaka mbele ya mtutu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sisi tumeugeuza kuwa chambo. Ule umakini wote wa Januari, kuogopa upepo, kuzunguka, kutilia shaka, anautupa. Nilipoelewa kwamba jike yule alinusa harufu yangu na bado akachagua kuja, nilielewa pia kwamba jioni ile sikuwinda chochote.

Na baada ya kumuua utamfanya nini? Ngozi ya Juni haina maana, manyoya yametoka mafungu mafungu. Hata ya Januari siku hizi haina bei. Kampuni ya Canada Goose, ambayo kofia za makoti yake zilikuwa zikipambwa kwa manyoya ya koyote, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaacha kununua manyoya, na soko lote likatikisika. Nyama hatuli. Koyote wa Juni hutupwa mtaroni.

Machi 2024 Tume ya Maliasili ya Michigan ilipiga kura kufunga uwindaji wa koyote kuanzia 16 Aprili hadi 14 Julai. Wenzangu wengi walikasirika, na vyama vya wawindaji vikaenda mahakamani. Hoja yao ilisimama juu ya kura ya wananchi ya mwaka 1996, iliyoitaka tume iamue mambo ya wanyama kwa kufuata sayansi. Walisema koyote hawako hatarini, hakuna tatizo la idadi, basi sayansi ya kuwafungia uwindaji iko wapi?

Kuhusu idadi wana haki kabisa. Mwaka 1975 Connolly na Longhurst wa Chuo Kikuu cha California walikokotoa kwamba hata ukiua asilimia 75 ya koyote wa eneo kila mwaka, itapita zaidi ya miaka 50 kabla hawajaisha. Serikali ya Marekani yenyewe, kwa wawindaji wake wa kulipwa, huua makumi ya maelfu kila mwaka, na koyote bado wapo. Lakini nawaomba wenzangu waigeuze hesabu hiyo waitazame upande wa pili. Kama asilimia 75 haiwamalizi, mimi na majike wangu wawili watatu wa Juni tunapunguza nini? Huwezi kusema pumzi moja kwamba uwindaji wetu hauwaathiri, na pumzi ya pili kwamba tusipowinda watajaa.

Hoja nzito zaidi ni ya ndama wa kulungu. Huzaliwa mwishoni mwa Mei na Juni, wakati koyote wana vinywa vingi vya kulisha, na huliwa wengi. Huko South Carolina, utafiti uliofanywa eneo la Savannah River ulikuta koyote ndio wanaoongoza kwa kuua ndama. Sitaki kuipuuza hoja hii. Ningekuwa naishi mahali kulungu wamepungua ningeipa uzito mkubwa. Ila mimi naishi kusini mwa Michigan. Hapa kulungu ni wengi mpaka mahindi yanaliwa kando ya barabara, na ajali za magari na kulungu katika jimbo hili hupita 50,000 kwa mwaka. Anayeniambia tuue koyote mwezi wa Juni kwa kuwahurumia kulungu wa Ionia hajaendesha gari huku usiku wa Novemba.

Kuna rafiki yangu, mtu wa Uvira, Kongo, anayeishi Grand Rapids, tunawinda pamoja sungura. Nilipomsimulia habari za yule jike alinyamaza kwanza, kisha akasema, “Ndugu yangu, mnyama ni mnyama. Kwetu vita vilikula watu, na hapa unanililia mbwa wa porini?” Sikumjibu siku ile, kwa kuwa aliyoyaona yeye mimi sijayaona. Nimefikiri tangu hapo. Jibu langu kwake ni kwamba sililii mnyama kufa. Nimeua wengi na nitaua wengine. Kinachonisumbua ni kile nilichokishika mkononi ili kumuua.

Wafugaji wa kondoo nawaweka kando kabisa. Mwaka 1983 Till na Knowlton walichapisha utafiti wa Wyoming uliokuta kwamba watoto wa koyote wakiondolewa shimoni, mauaji ya kondoo hushuka sana hata wazazi wakiachwa hai. Miaka ya baadaye Bromley na Gese, huko Utah, waliwafunga uzazi koyote kwa upasuaji, nao wakaua kondoo wachache mno kuliko wenye watoto. Maana yake ni wazi: wazazi wanamkamata mwanakondoo kwa kuwa wanawalisha wana. Basi mfugaji anayewapoteza wanakondoo mwezi wa Mei hawezi kuambiwa asubiri 15 Julai, na sheria ya Michigan haimwambii hivyo. Mwenye ardhi anaruhusiwa kumuua koyote anayemharibia mali wakati wowote.

Mfugaji mmoja aliwahi kuniita. Kabla ya kuchukua bunduki niliomba nimwone mwanakondoo aliyekufa. Nilimchuna shingo: matundu ya meno kooni, damu imevilia chini ya ngozi. Hiyo ni kazi ya koyote. Mbwa wa kufugwa anayezurura hurarua mapaja na ubavu ovyo. Tukakaa asubuhi mbili karibu na ua, tukampata dume. Nilitumia filimbi, na wana alikuwa nao, najua. Nilifanya kwa moyo mzito na ningefanya tena, kwa sababu palikuwa na mtu aliyekuwa akipoteza riziki yake na jozi moja inayojulikana iliyokuwa ikimla. Baadaye alinunua mbwa wawili wakubwa weupe wa Pyrenees, wakalala na kondoo. Baba yangu alifanya hivyohivyo Singida kwa boma la miiba na mbwa wake, na hakuwafuata bweha ng'ambo ya korongo.

Mwaka jana Juni nilirudi kwenye shamba lile la nyasi, bila bunduki. Nilikaa kwenye robota kuanzia saa kumi na mbili jioni. Gizani gari la zimamoto lilipita barabara kuu likipiga king'ora, na kutoka kwenye kichaka kilekile cha mpakani wakaitikia: sauti mbili nzito, na chini yake vilio vyembamba, vinakatika, vinaanza upya. Nilijaribu kuvihesabu nikashindwa. Filimbi iko kwenye droo ya jikoni, na nitaitoa theluji ya kwanza ikianguka.