Broadcast News: mwacheni Jane, hakukosea

Muvi ya Broadcast News ya James L. Brooks (1987) ilipata nominesheni 7 za Oscar ikaambulia patupu, ila lawama kubwa mpaka leo ni ule mwisho wake, eti Jane, mtayarishaji wa habari za tivii, kazingua, unamwachaje mwanaume unayempenda kisa chozi? Na komedi ya mapenzi isiyo na harusi nayo ni ya nini.

Nawaelewa jamani. Tom (William Hurt), mtangazaji anayependwa na Jane, siyo mtu mbaya, habari hazijui na anakiri hazijui, na siku ile ya taarifa ya dharura Jane anampa maneno sikioni yeye anayatiririsha mubashara utadhani kayatunga mwenyewe, wanaendana kabisa. Halafu kurekodi sura ya mwandishi baada ya mahojiano kumalizika ni mambo ya kawaida kwenye tivii.

Ila hilo chozi sasa. Tom kamhoji mwanamke aliyebakwa na mtu aliyetoka naye deti, kwenye taarifa tunamwona Tom machozi yanamlenga na Jane mwenyewe inamgusa. Baadaye Aaron, ripota mwenzao na rafiki wa Jane, anamtupia Jane swali, kamera ilikuwa moja tu, sasa chozi la Tom lilionekanaje? Jane anaitafuta kanda ghafi, anakuta yule mama keshamaliza kuongea, kamera imegeuzwa, na Tom anajikamua mpaka chozi lije. Anajitetea kwamba mara ya kwanza lilimtoka la kweli, na mi namwamini kabisa, ila mtazamaji nyumbani hakuonyeshwa lile, kaonyeshwa la kuigiza na kaambiwa ndo lenyewe, tena juu ya maumivu ya mtu mwingine.

Kinachonimaliza ni pale airport. Jane anamwambia mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kitu kama hiki, jamaa anajibu mi nimepandishwa cheo kwa vitu kama hivi. Na ni kweli! Kituo kimetoka kupunguza wafanyakazi juzi tu, watu wanaoijua kazi wanafungasha maboksi, yeye anapelekwa London. Sasa Jane apande naye ndege wakale bata kana kwamba hajasikia?

Wanaosema alimchukia wamalizie basi muvi yao, maana miaka 7 baadaye Tom anakuwa mtangazaji mkuu na Jane anahamia New York kuwa mhariri mkuu hukohuko. Kuolewa naye hakuolewa, kanda zake atazikagua.