Mzee, Mwarobaini na 5-2 Yangu

Niliongoza gemu 5-2 seti ya kwanza ya mechi ya tenisi, nikafungwa 7-5. Aliyenifunga ni mstaafu mwenye bandeji gotini, anayepiga mipira ya kukata inayodondoka kama andazi lililokosa hamira.

Ilikuwa Agosti, na wenyeji wa Dodoma mnaujua upepo wa Agosti: vumbi mpaka kwenye meno. Halafu mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali kuliko ule niliozoea Dar. Nikiwa 5-4, 30-15, zimebaki pointi mbili nichukue seti, nilirusha mpira nianzishe, upepo ukausogeza, nikaugonga wavuni. Wa pili ukatoka nje, pointi ikaenda kwa mzee. Kuanzia hapo sikucheza tena na mzee. Nilicheza na ile pointi iliyopotea.

Jamaa zangu walikuwa pembeni wanapiga kelele: "Jipe moyo! Komaa!" Moyo ninao jamani, ulikuwa unadunda mpaka masikioni.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Tunaichukulia hamasa kama mafuta ya gari: ujaze tanki nyumbani, ukifika uwanjani uchome. Kwa kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda mazoezini, sawa, unaihitaji. Ila katikati ya mechi tanki hilo hutoboka kwa kosa moja tu, na tenisi haina wenzako kumi wa kukubeba kama mpira wa miguu.

Mwaka 2024 gwiji wa tenisi Roger Federer aliwaambia wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, kwamba katika mechi zake 1,526 za mchezaji mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizoshinda ni asilimia 54 tu. Yaani bingwa wa mataji 20 ya Grand Slam, mashindano makubwa kuliko yote ya tenisi, alipoteza karibu nusu ya pointi zake! Na fainali ya Wimbledon 2019 ilimgeuka vibaya zaidi: alipata pointi 218 dhidi ya 204 za mpinzani wake Novak Djokovic, akafika gemu 8-7 seti ya mwisho, 40-15 akianzisha yeye, yaani imebaki pointi moja tu awe bingwa, na bado kombe likaenda kwa Djokovic. Sasa mimi na pointi yangu moja ya Dodoma nilikuwa nalilia nini?

Kanuni zinampa mchezaji sekunde 25 kati ya pointi na pointi. Mzee alizitumia zote. Ashinde, ashindwe, alinipa mgongo, akanyoosha nyuzi za raketi kwa vidole, akafuta kiganja kwenye kaptula, akainua macho juu ya uzio. Baadaye, tukinywa maji, nikamuuliza: "Mzee wangu, pale nilipokuongoza 5-2 ulijipaje moyo?"

"Moyo wa nini? Nilikuwa naangalia ule mwarobaini, nijue upepo unavuma kutoka wapi. Wewe ulikuwa unahesabu gemu."

Wiki iliyopita tumerudiana. Kanifunga tena, tena bila huruma. Lakini kwenye seti ya pili kuna wakati niliutazama mwarobaini, nikasubiri majani yatulie, nikaanzisha, mpira ukaingia. Nikautazama tena, nikaanzisha tena. Mwishowe ikabidi nimuulize mzee tuko ngapi ngapi.